Kunyoosha momenta ya elektroni kwa polinomia, kuanzia histogramu ya kwanza

Ukirusha elektroni kwenye shabaha ya haidrojeni na kuchora histogramu ya tungamo W (tungamo la vyote vilivyobaki ukiondoa elektroni iliyotawanyika), kilele cha kwanza kinatakiwa kukaa kwenye tungamo la protoni, yaani 0.938 GeV (GeV ni kipimo cha nishati, na hapa tunakitumia pia kwa tungamo na momenta). Mara nyingi hakikai. Katika sekta moja ya kigunduzi kimesogea kushoto, katika nyingine kulia, na ukigawa data kwa pembe unakuta kinayumba hata ndani ya sekta ileile. Protoni haijabadilika uzito. Kigunduzi ndicho kinachosoma momenta vibaya kidogo, na mwongozo huu unaeleza jinsi ya kusahihisha usomaji huo kwa polinomia bila kuharibu data zaidi ya zilivyokuwa.

Nitatumia mfano wa CLAS12, kigunduzi kilichoko Hall B katika maabara ya Jefferson Lab, Newport News, Virginia, Marekani. Kilianza kukusanya data za fizikia mwaka 2018, kikipokea mwale wa elektroni wa takriban 10.6 GeV. Sehemu yake ya mbele ina sumaku ya torasi yenye koili 6 zilizopangwa kuzunguka mwale, na kati ya koili hizo, katika sekta 6, kuna chemba za nyaya zinazofuatilia njia ya kila chembe. Sumaku inaipinda njia, na mpindo huo ndio unaotupa momenta. Mtangulizi wake, CLAS, aliyefanya kazi hadi 2012, naye alikuwa na sekta 6, kwa hiyo njia hii inamfaa pia. Kwa kweli inafaa jaribio lolote lenye shabaha tuli ya haidrojeni.

Vyanzo vya kosa vinajulikana: chemba iliyokaa pembeni kwa sehemu ya milimita, ramani ya uga wa sumaku isiyolingana kikamilifu na sumaku yenyewe, mwale usiopita katikati. Kama una uwezo wa kurekebisha mojawapo ya hivyo kwenye chanzo chake, anza huko. Polinomia ni dawa ya kilichobaki.

Pima kwanza ukubwa wa tatizo

Chukua mwale wa 10.6 GeV na elektroni iliyotawanyika kwa pembe ya nyuzi 10. Katika mtawanyiko nyumbufu, ambapo elektroni na protoni hutoka nzima bila kuzaliwa chembe nyingine, pembe peke yake inatosha kutabiri momenta:

p = E / (1 + (2E/M) sin²(θ/2))

E ni nishati ya mwale, M tungamo la protoni, na θ pembe ya elektroni kutoka kwenye mwale. Ukiweka M = 0.938272 unapata p = 9.047 GeV. Sasa tuseme kigunduzi kimesoma nusu asilimia zaidi, 9.092 GeV. Kokotoa W² = M² + 2M(E − p) − 4Ep sin²(θ/2), kisha kipeuo chake: W inatoka 0.884 badala ya 0.938. Nusu asilimia ya momenta imesogeza kilele kwa MeV 54 (MeV elfu moja ni GeV moja). Ndiyo maana W ni kioo kizuri cha makosa haya. Usahihi uliokusudiwa katika sehemu ya mbele ya CLAS12, yaani upana wa mtawanyiko wa usomaji, ni chini ya asilimia moja, na hitilafu tunazotafuta ni ndogo kuliko upana huo. Upana hutanua kilele bila kukihamisha. Sisi tunafuatilia kuhama.

Hatua ya 1: Chagua matukio safi

Unahitaji elektroni moja na protoni moja. Kwa nishati hii, elektroni ya nyuzi 10 inaambatana na protoni inayotoka kwenye nyuzi 42.9, kwa hiyo elektroni inaingia kigunduzi cha mbele na protoni inaingia kile cha kati, kinachoanzia takriban nyuzi 35. Usiitegemee momenta ya protoni. Kazi yake hapa ni kushuhudia: kama tukio ni nyumbufu, elektroni na protoni zitakaa pande mbili zinazokabiliana, tofauti ya φ (pembe ya kuuzunguka mwale) ikiwa karibu nyuzi 180. Sharti hilo moja linafukuza sehemu kubwa ya takataka.

Weka pia mipaka ya eneo, utupe elektroni zinazopita karibu na koili, kwani huko uga hubadilika ghafla na njia nyingi hukatwa. Dirisha la W liwe pana mwanzoni. Ukilibana kabla ya kusahihisha, utakuwa unakata upande mmoja wa kilele kilichohama, na jibu litaegemea upande huo.

Kuna adui ambaye hafukuziki: mionzi. Elektroni inaweza kutoa fotoni kabla au baada ya kugonga, ikapoteza nishati, na W ikaonekana kubwa. Kila kilele kitakuwa na mkia upande wa kulia. Usijaribu kuukata wote. Tutaushughulikia kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Hakikisha pembe na mwale kabla ya kugusa momenta

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Momenta tunayotarajia inatokana na pembe, kwa hiyo pembe ikikosewa, polinomia itaitwisha momenta mzigo usio wake. Kwenye mfano wetu wa nyuzi 10, kosa la miliradiani 1 tu linabadilisha momenta inayotarajiwa kwa MeV 15, karibu asilimia 0.17. Hicho ni kiasi kilekile cha hitilafu tunazowinda.

Bahati nzuri kuna ukaguzi usiotumia momenta hata kidogo. Pembe mbili za mtawanyiko nyumbufu zinatoa nishati ya mwale:

E = M × (1 / (tan(θe/2) × tan θp) − 1)

Hapa θe ni pembe ya elektroni na θp ya protoni. Chora E hii kwa kila sekta ya elektroni, kisha ilinganishe na thamani iliyopimwa na wahudumu wa mashine. Namna inavyotofautiana itakuambia mengi. Sekta zote 6 zikisogea upande mmoja kwa kiasi kimoja, shuku nishati ya mwale. Kosa la asilimia 0.1 kwenye mwale wa 10.6 GeV huhamisha W kwa takriban MeV 9, na linafanya hivyo katika sekta zote sawasawa. Ukiona wimbi, sekta za upande mmoja zimepanda na za upande wa pili zimeshuka, mwale haupiti katikati. Sahihisha nafasi yake na ufanye ujenzi wa njia upya. Sekta moja ikiwa kichaa peke yake, hapo ni chemba. Kumbuka tu kwamba pembe ya protoni nayo ina makosa yake katika kigunduzi cha kati, kwa hiyo usimlaumu elektroni haraka.

Hatua ya 3: Kokotoa tofauti

Kwa Python, ukiwa na maktaba ya hesabu NumPy (`np`), ni mistari michache:

```
M = 0.938272
def p_tarajiwa(E, teta):
    return E / (1 + (2*E/M) * np.sin(teta/2)**2)

d = p_tarajiwa(E, teta) / p - 1
```

Hapa `d` ni sehemu ambayo momenta iliyopimwa inatakiwa kuongezwa. Ukishaipata kama mkunjo laini, momenta mpya ni p × (1 + d). Pembe iwe kwa radiani. Nyuzi zikiingia hapo, programu haitalalamika hata kidogo, ila majibu yatakuwa upuuzi mtupu.

Hatua ya 4: Gawa mafungu, tafuta kilele

Gawa data kwa sekta, kwa pembe θ na kwa φ ya ndani ya sekta, yaani φ baada ya kutoa katikati ya sekta, ili ianzie takriban nyuzi −25 hadi 25. Katika kila fungu chora histogramu ya d.

Usichukue wastani wa histogramu. Mkia wa mionzi unauvuta upande mmoja, na unauvuta kwa kiasi tofauti katika kila pembe, kwa hiyo utajikuta unafitisha mionzi (kufitisha ni kutafuta mkunjo unaoendana na data) ukidhani ni sumaku. Tafuta kilele: fitisha mkunjo wa Gauss, ule wa umbo la kengele, kwenye eneo dogo linalokizunguka, kwa mfano kuanzia upana mmoja na nusu upande usio na mkia hadi upana mmoja upande wenye mkia, kisha rudia ukitumia katikati mpya mpaka itulie. Kosa la nafasi ya kilele ni takriban upana ukigawanywa kwa kipeuo cha idadi ya matukio: upana wa asilimia 0.7 na matukio 400 vinakupa asilimia 0.035. Hiyo inatosha. Fungu lenye matukio 30 liunganishe na jirani yake.

Kwa nini nimesema θ badala ya momenta iliyopimwa? Matukio nyumbufu hupungua kwa kasi kadiri pembe inavyoongezeka, kwa hiyo mafungu ya momenta hayajai sawa. Ukigawa kwa momenta iliyopimwa, kila fungu linapokea wahamiaji kutoka kwa jirani mwenye watu wengi kuliko kutoka kwa jirani mwenye wachache, na kilele cha d kinasogea hata kama kigunduzi hakina kosa lolote. Pembe hupimwa vizuri zaidi, kwa hiyo uhamiaji ni mdogo. Gawa kwa θ, kisha andika wastani wa momenta iliyopimwa wa kila fungu. Huo ndio utakaoingia kwenye polinomia.

Hatua ya 5: Fitisha

Kwa kila sekta, anza na umbo hili: daraja la kwanza kwa momenta, daraja la pili kwa φ. Daraja la pili kwa φ lina sababu. Uga wa torasi una ulinganifu pande zote za katikati ya sekta, kwa hiyo kosa la ramani ya uga huelekea kuonekana kama bakuli, wakati chemba iliyosogea pembeni huleta mteremko.

```
x = (p - 8.8) / 1.2
f = fi / 25
A = np.column_stack([x**i * f**j
        for j in range(3) for i in range(2)])
a = np.linalg.lstsq(A / s[:, None], d / s,
        rcond=None)[0]
z = (d - A @ a) / s
```

`p`, `fi`, `d` na `s` sasa ni safu za mafungu: momenta ya wastani, φ ya ndani, kilele na kosa lake. `a` ni vizidishi 6 vya sekta hiyo, na `z` ni mabaki yaliyopimwa kwa makosa yake. Jumla ya z², yaani χ², ukiigawa kwa idadi ya mafungu ukitoa 6, iwe karibu na 1.

Mistari miwili ya mwanzo isidharauliwe. Ukitumia p yenyewe badala ya x, neno lisilobadilika na neno la p (na la p², ukiliongeza) yanafanana mno katika eneo finyu la GeV 7.6 hadi 10, vizidishi vinakuwa vikubwa vyenye ishara zinazopingana, na kuvisoma kwa macho haiwezekani tena. Ukihamisha katikati na kugawa, kila kizidishi kinasema jambo moja: cha kwanza ni kosa la katikati ya sekta, cha pili ni mteremko wake kwa momenta, na kuendelea.

Jambo la kuangalia katika CLAS12 ni solenoidi, sumaku ya koili ya tesla 5 inayozunguka shabaha. Inazungusha elektroni kabla haijafika kwenye chemba, na mzunguko huo ni mkubwa kadiri momenta inavyopungua, takriban kwa uwiano wa 1/p. Kwa hiyo φ kwenye shabaha si φ kwenye chemba, na kosa liko kwenye chemba. Tumia φ ya mahali elektroni inapoingia chemba ya kwanza, au ongeza k/p kwenye φ ya shabaha, ukichagua k itakayoweka matukio katikati ya sekta kwa kila momenta.

Hatua ya 6: Amua daraja

Kila mtu akiona mabaki yenye mawimbi anataka kuongeza daraja. Jizuie kidogo. Neno lisilo na kazi yoyote hushusha χ² kwa takriban 1 kwa bahati tu. Likishusha kwa 20 au 30, limebeba kitu cha kweli. Kati ya hapo, gawa data mara mbili, fitisha nusu moja na ukague χ² kwenye nusu ya pili. Neno linaloboresha nusu ya kwanza peke yake litupwe. Chora pia mabaki yote sita ya sekta kwenye ukurasa mmoja. Kama umbo lilelile linarudi katika sekta zote, tatizo huenda liko kwenye mwale, pembe au uteuzi wako, na polinomia kubwa zaidi italificha tu.

Binafsi sijawahi kuona sababu ya kuvuka daraja la pili kwa momenta katika eneo hili.

Baada ya kusahihisha, kilele cha W kitakuwa chembamba zaidi, na sasa unaweza kubana dirisha. Rudi hatua ya 4 na uteuzi mpya, lakini fitisha tena momenta ghafi, usifitishe ile iliyokwisha kusahihishwa. Kwa njia hiyo unabaki na polinomia moja badala ya mnyororo wa polinomia ambao mwenzako hataweza kuufuata.

Hatua ya 7: Toka nje ya mstari

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Kwa nishati moja ya mwale, kila pembe ina momenta moja tu: nyuzi 6 ni 9.98 GeV, nyuzi 10 ni 9.05, nyuzi 15 ni 7.65. Matukio yako yote yanakaa kwenye mstari mmoja katika uwanja wa p na θ. Data haziwezi kukuambia kama kosa linategemea momenta au pembe, maana viwili hivyo vinakwenda pamoja. Polinomia yako itachagua momenta kwa sababu wewe umeipa momenta.

Na nje ya mstari huo, hesabu inalipuka. Chukulia una neno la x² lenye kizidishi 0.001. Ukingoni mwa data, x ikiwa 1, ni asilimia 0.1, hakuna atakayelitambua. Mtu akitumia marekebisho hayo kwa elektroni ya 2 GeV, x inakuwa −5.67 na neno lilelile linaongeza asilimia 3.2. Amechukua kipimo kizuri akakivuruga.

Tiba ya kwanza ni nishati nyingine za mwale. CLAS12 imewahi kukusanya data pia kwenye takriban 6.5 na 7.5 GeV. Kwa 6.5 GeV, elektroni ya nyuzi 15 ina 5.26 GeV badala ya 7.65. Pembe moja, momenta mbili, na fundo linafunguka, mradi sumaku iwe na mkondo na mwelekeo uleule. Tiba ya pili ni miitikio mingine. Elektroni ikitoka na pioni chanya, na tungamo lililokosekana, yaani la chembe ambayo haikuonekana, likawa la nyutroni, 0.9396 GeV, una matukio yaliyotapakaa kwenye momenta nyingi. Sahihisha elektroni kwanza kwa matukio nyumbufu, izuie hapo, kisha fitisha pioni hadi kilele cha nyutroni kikae mahali pake, halafu rudi kwa elektroni za momenta ya chini. Tumia mraba wa tungamo lililokosekana, kwani kipeuo hukunja umbo la kilele na kutupa matukio yenye thamani hasi.

Hatua ya 8: Ikague kwa kitu ambacho haikukiona

Majaribio mawili yanatosha kwa wengi. La kwanza: pitisha data za uigaji wa kompyuta, ambamo chemba zimekaa sawasawa na uga ni ule wa ramani, kwenye programu yako yote kuanzia hatua ya 1. Vizidishi vinatakiwa kutoka sifuri. Visipotoka sifuri, hicho ulichopata ni mchango wa njia yako yenyewe, mionzi au mafungu, na unapaswa kukitoa kwenye jibu la data halisi. La pili: chukua mwitikio ambao hukuutumia kufitisha, kwa mfano ule wa protoni na pioni mbili zote zikionekana, na uchore nishati iliyokosekana kwa kila sekta kabla na baada. Kilele kinatakiwa kusogea kuelekea sifuri na kuwa chembamba. Kikisogea bila kuwa chembamba, sekta zimehamishwa kwa pamoja na huenda umerekebisha mwale kwa jina la momenta.

Kuitumia na kuihifadhi

Kwenye data halisi, mpangilio ni huu: rudisha kwanza nishati iliyopotea kwenye malighafi ya kigunduzi, ambayo ni muhimu hasa kwa protoni za momenta ndogo, kisha weka marekebisho ya momenta. Kwenye uigaji, rudisha nishati iliyopotea, kisha tanua momenta ili upana wa vilele ulingane na wa data. Polinomia ya data isiguse uigaji.

Nje ya eneo lililofitishwa, gandisha x na f kwenye thamani za ukingo, `np.clip` inafanya hivyo kwa mstari mmoja. Torasi ikigeuzwa, ili elektroni zilizokuwa zikipinda kuelekea kwenye mwale sasa zipinde kwenda nje, fitisha upya kutoka mwanzo. Kwa sekta 6 na pande mbili za sumaku hiyo ni vizidishi 72, na vyote vikae kwenye faili moja pamoja na nishati ya mwale, mwelekeo wa torasi, eneo la p na φ, na toleo la programu iliyojenga njia za chembe. Siku chemba zitakapopangwa upya na data kujengwa tena, faili hilo halitumiki tena.